Tabasamu la Mfinyanzi

Dada aliingia na chupa ya chai kwapani, kitana kikiwa bado kimechomekwa kwenye nywele zake, akauliza kwa sauti ya kuamsha mtaa, "Kumbe ndiyo hapa mnapofungia watu?"

Kapole alimwonyesha taa nyekundu iliyokuwa ikiwaka juu ya mlango. Taa hiyo ikiwaka kila mtu hunyamaza, hata Bi Mkutubi, mkuu wa maktaba nzima. Dada aliitazama taa, akamtazama mdogo wake, akajiziba mdomo kwa kiganja na kucheka ndani ya kiganja hichohicho. Kicheko kilipenya vilevile. Nyuma ya kioo, mwalimu mstaafu aliyekuwa akisoma kitabu cha kilimo alipoteza mstari.

"Samahani, baba," Dada alisema. "Endelea na mbolea yako."

Mwalimu mstaafu alicheka mpaka akavua miwani. Alikuwa akija pale kila wiki, na Kapole hakuwahi kuyaona meno yake.

Ilikuwa maktaba ya wasioona. Chumba cha kurekodia kilikuwa stoo zamani. Kuta zake zilifunikwa kwa magodoro yaliyochakaa ili kelele za barabarani zisiingie, na dirisha la kioo lilimtenga msomaji na meza ya kompyuta. Kapole alikaa mezani hapo tangu amalize chuo. Wengine walisoma vitabu kwa sauti, yeye akasafisha sauti zao: akakata kikohozi, mlio wa kiti, pumzi nzito, mpaka kibaki kitabu kitupu cha kumpa mwanafunzi asiyeona. Kazi hiyo ilimfaa. Hakuna aliyemtaka aseme kitu.

Lakini siku chache kabla ya hapo Bi Mkutubi alimwita na kumwambia kwamba riwaya ya mtihani ingerekodiwa, na kwamba kama angependa, angeisoma yeye. Kapole alijibu, "Sawa, mama," kwa kile kisauti chake, akatoka taratibu, akaenda chooni, akafunga mlango na kurukaruka.

Sasa Bi Mkutubi alikuwa amesimama kwenye korido, mkono ukutani, uso ameuelekeza kwenye kicheko. Yeye mwenyewe alipoteza macho akiwa msichana, na watu aliwapima kwa masikio.

"Nani huyo?"

"Dada yangu, mama. Ni msusi. Ameniletea chai tu, saluni yao inaezekwa upya. Anaondoka sasa hivi."

"Shikamoo, mama," Dada alisema. "Siondoki sasa hivi. Sina pa kwenda."

"Marahaba. Mkalishe kwenye kiti, Kapole. Nataka asome ukurasa mmoja."

Dada alisoma ukurasa mmoja, kisha bila kuambiwa akafunua wa pili. Alisoma kama anavyozungumza na mteja aliyeinamisha kichwa mikononi mwake, asiyeweza kukimbia. Bi Mkutubi alimsikiliza mpaka mwisho, akasema haya: wote wawili wasome sura moja, ileile. Wanafunzi wasikilize bila kuambiwa nani ni nani. Sauti watakayoichagua ndiyo itakayosoma riwaya nzima.

"Wao ndio watakaokaa nayo masikioni," alisema. "Na hata wakishachagua, nikisikia inaharibu kitabu, nitaibadilisha. Sawa, wanangu?"

"Sawa, mama," Kapole alisema.

"Mimi nilileta chai tu," Dada alisema, lakini alikuwa ameshakaa vizuri kwenye kiti.

*

Riwaya yenyewe ilikuwa kongwe; wazazi wao waliisoma shuleni. Ni hadithi ya wanawake wawili ambao nyumba zao zinatazamana. Mmoja ni Mfinyanzi, mke wa mtu. Mwingine ni Mjane, mwenye nyumba ya wageni. Mume wa Mfinyanzi anasafiri, na siku anayorudi mizigo yake inashushwa kwa Mjane. Mtihani haukosi swali lilelile: linganisha namna mwandishi alivyowachora wahusika hawa wawili.

Chuoni, mhadhiri alilimaliza swali hilo kwa pumzi moja. "Mjane ni mhusika duara, Mfinyanzi ni mhusika bapa. Tusonge mbele." Darasa likasonga mbele. Kapole alibaki palepale. Aliisoma tena riwaya akiwa na penseli, akitafuta mwandishi amempa nani nini. Mjane alikuwa amepewa mwanya, vifundo vya miguu, namna ya kumenya chungwa ganda lisikatike, na kicheko kinachomtangulia mlangoni. Mfinyanzi alikuwa amepewa sifa. Mpole, mvumilivu, mwenye tabia njema. Basi. Huwezi kukutana na mtu njiani ukamtambua kwa tabia njema.

Ilimuuma kama aliyenyimwa ni yeye. Mwandishi alijidai kuwa upande wa Mfinyanzi, kila sura akimsifu, lakini macho yake hayakubanduka kwa Mjane. Alimtuza mmoja na kumpenda mwingine.

Nyumbani hali ilikuwa hiyohiyo. Jioni ile alikuja jirani kumtembelea Mama, na Mama akaanza, kama kawaida, na hadithi za Dada: alivyopanda paa akiwa na sare ya shule, alivyomng'ata daktari wa meno, alivyomwambia mchumba wa kwanza kwamba arudi akishajifunza kucheka. Jirani alishika mbavu. Mwishowe akamgeukia Kapole aliyekuwa akimimina chai.

"Na huyu je?"

"Huyu?" Mama alimtazama kwa mapenzi ya kweli kabisa. "Huyu hana neno. Mtoto mpole."

Kapole akatabasamu, akamwongezea jirani sukari.

Hana neno! Alikuwa nayo mengi. Dada alikuwa na saluni, wateja wanaomlilia, wanaume wanaochelewa kuondoka mlangoni kwake, hadithi za kumtosha hata mzazi. Hakuwa amewahi kuisoma riwaya ile hadi mwisho. Shuleni alilala kwenye sura ya pili. Kapole alikuwa na kitu kimoja tu ambacho Dada hakukigusa, na sasa hicho nacho kilikuwa kimepakatwa na Dada kitandani, upande wa pili wa chumba chao.

"Kapole! Huyu Mjane, jamani! Namjua kabisa. Huyu ni mteja wangu. Analipa nusu, halafu anakusifia mpaka unamshukuru wewe."

"Soma kimyakimya, Dada."

"Na huyu mwingine mbona hasemi kitu? Mume kaibwa, yeye anafinyanga."

"Atasema."

"Lini? Nimebakiza kurasa mbili sura iishe."

*

Sura ya majaribio ilikuwa ile ya chungu. Mjane anavuka barabara na kwenda kununua chungu kwa mwanamke aliyemchukulia mume. Anavigonga vyungu kimoja kimoja, anauliza bei, anacheka, anakosoa, na mwishowe anachagua kilicho bora kuliko vyote. Mfinyanzi anatabasamu na kumwambia: chukua. Sura inaishia hapo.

Kapole alisoma asubuhi, peke yake chumbani. Alisoma akitetemeka. Alipofika kwenye lile neno chukua alilazimika kungoja. Dada alisoma baada ya chakula cha mchana, akiwa amevua viatu. Alicheka katikati ya sentensi pale Mjane alipocheka. Alipofika kwenye kugonga vyungu aligonga mguu wa kiti kwa kitana. Pumzi yake ilisikika ikipanda na kushuka kama mtu aliyebeba kitu.

Kisha ikaja kazi ya kusafisha, na msafishaji alikuwa mmoja.

Kwenye kompyuta sauti huonekana kama safu ya milima, na pumzi ni kichuguu kidogo kati ya mlima na mlima. Unakiwekea alama, unabonyeza, kinatoweka. Kapole alianza na sauti yake. Akaondoa ile pumzi ya kutetemeka ya mwanzoni, kwa sababu ilimwaibisha. Iliyofuata ilikuwa na mkwaruzo, akaiondoa. Kisha nyingine, na nyingine. Aliondoa na ule ukimya kabla ya chukua, maana ulisikika kama mtu anayelia. Alipomaliza, milima yake ilikuwa imepangwa kama meno ya msumeno. Akaihifadhi juu ya ile ya mwanzo, kama alivyozoea, maana kompyuta ya maktaba ilikuwa imejaa.

Akafungua ya Dada. Akatoa maneno yasiyokuwa ya kitabu, "ngoja nijikune" na "jamani huyu mwanamke," akainua mikono kutoka mezani. Zile pumzi zote aliziacha. Na vicheko, na kitana, na mate yaliyomezwa. Sikumwongezea kosa hata moja, alijiambia. Kila kitu ni chake mwenyewe. Wasikilizaji wa kazi hii wamezoea sauti safi; wataona wenyewe.

Akaihifadhi hivyohivyo.

*

Wanafunzi walikaa kwenye viti vya plastiki katika chumba cha kusomea. Miongoni mwao alikuwa binti aliyeitwa Wakili, kwa sababu hakuna jambo aliloliacha lipite bila kulipinga. Dada alikuwa kwenye korido akimsuka mhudumu wa mapokezi. Kapole alisimama karibu na spika, mikono nyuma.

Sauti ya kwanza ilikuwa yake. Maneno yalitoka safi kama vyombo vilivyokaushwa. Hakuna aliyejongea. Wananyamaza kwa heshima, Kapole alifikiri, na kwa mara ya kwanza wiki ile mabega yake yalishuka.

Sauti ya pili ilipoanza, mtu mmoja alicheka papo hapo. Kwenye kugonga vyungu walisogea mbele wote, viti vikalia. Mjane alipokosoa chungu, Wakili alimjibu kwa sauti, "Si uache basi kama ni kibaya!" Mfinyanzi naye Dada alimpa kisauti chembamba cha puani, kitamu kama sharubati, na wote wakacheka tena. Kapole aling'ata mdomo. Hapo hapakuwa na cha kuchekesha.

"Haya," Bi Mkutubi alisema. "Mnasemaje?"

Wakili aliinua mkono. "Kabla hatujasema, naomba kuuliza. Ile ya kwanza mmeinunua wapi?"

"Kununua nini?"

"Ile kompyuta. Kumbe siku hizi zimeendelea hivi! Ya kwetu bwenini kila ikifika kwenye mkato inaguna."

"Ni nzuri kweli," mwenzake alidakia. "Inatamka vizuri. Ila mimi ilinichosha. Nilikuwa naingoja ivute pumzi, haivuti, mpaka nikaanza kuvuta kwa niaba yake."

Wakacheka, bila ubaya wowote.

"Mama, tafadhali," Wakili alimalizia, "msituletee kompyuta. Kompyuta tunazo kutwa. Tuleteeni yule mtu."

Bi Mkutubi aliugeuza uso wake polepole mpaka ukasimama mbele ya Kapole, kana kwamba anamwona. Walipotoka ndipo alipouliza.

"Umeifanya nini sauti yako, mwanangu?"

"Nimeisafisha, mama."

"Umeisafisha, au umeiosha mpaka ikaisha?"

Kapole alichomoa waya wa spika, akaanza kuukunja.

"Ile ya mwanzo unayo?"

"Nimehifadhi juu yake. Haipo."

Bi Mkutubi alivuta pumzi, ndefu, yenye sauti. "Basi. Nisingependa kuwaambia wamechagua vibaya, na wao wamesikia walichosikia."

Mlango ulifunguliwa. Dada alikuwa na nyuzi za kusukia shingoni. "Haya, nani kachinjwa?"

Kapole alitabasamu. "Wamekuchagua wewe, Dada. Hongera."

"Muongo!" Dada alimkumbatia, akamnyanyua miguu ikaning'inia. "Lakini kitabu hiki si ulikuwa unakitaka wewe? Wewe ndiye msomi. Niseme hapana? Niambie nitasema."

Alikuwa akimaanisha, hicho ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote. Angesema hapana na kurudi kusuka, akasahau kufikia jioni.

"Wewe unafaa zaidi," Kapole alisema. Mashavu yalikuwa yameanza kumuuma, lakini tabasamu lilikataa kutoka.

*

Wakaanza kurekodi. Dada ndani ya magodoro, Kapole nje ya kioo na hedifoni masikioni, akiwa na dada yake ndani ya kichwa kutwa nzima. Dada alisoma vizuri, hilo huwezi kumnyima. Wanaume aliwapa vifua, barabara akaipa vumbi. Mjane alikuwa kama amezaliwa naye. Wakati mwingine Kapole alijikuta amesahau kumwonea wivu na anamsikiliza tu, kisha anakumbuka, na wivu unarudi ukiwa umepumzika vizuri.

Lakini kila Mfinyanzi alipofungua mdomo, kilitoka kile kisauti cha puani.

Kapole alikisikia na kunyamaza. Alikuwa amepiga hesabu yake mwenyewe vizuri kabisa. Bi Mkutubi alikuwa amesema: nikisikia inaharibu kitabu, nitaibadilisha. Angekuja kusikiliza wiki hiyohiyo. Angesikia mwanamke mzima amegeuzwa katuni, na angemwita Kapole. Kumbe hahitaji kufanya lolote. Ni kukaa tu, kubonyeza, na kutikisa kichwa: sawa, Dada, endelea. Nani angemlaumu? Yeye ni mtu mpole, hana neno.

Wakafika kwenye sura ya chungu, iliyotakiwa kurekodiwa upya pamoja na zingine. Mjane alivuka barabara. Akagonga, akacheka, akakosoa. Kapole alikuwa ameshika ukingo wa meza. Mjane akachagua.

"Mfinyanzi akatabasamu," Dada alisoma. "'Chukua,'" akasema kwa kisauti chake cha sharubati.

Kidole cha Kapole kilibonyeza kabla yeye hajaamua.

"Simama, Dada."

Dada aliinua kichwa. "Nimeruka mstari?"

"Mfinyanzi. Unamsoma kama mtoto anayeomba peremende."

"Si mpole? Kitabu kinasema mpole kila baada ya ukurasa. Nimempa upole wote nilionao, na unajua sinao mwingi."

"Hatabasamu kwa upole." Sauti ya Kapole ilitoka kubwa kuliko alivyotarajia, ilimpiga mwenyewe masikioni. "Huyo Mjane amesimama mlangoni kwa Mfinyanzi. Kila mtu anampenda. Hata yeye Mfinyanzi anampenda, hilo ndilo linalomuua. Angemchukia ingekuwa nafuu. Kamchukulia kitu kimoja alichokuwa nacho, na wala hakukusudia, kinampendeza tu. Sasa amekuja kuchukua na chungu. Mfinyanzi akifungua mdomo atapiga ukelele mtaa mzima usikie. Basi anatabasamu. Na akishaanza hawezi kuacha, mashavu yanamuuma, lakini hawezi. Hilo 'chukua' linatoka chini kwa sababu huko juu kumejaa."

Nyuma ya kioo Dada alipitisha kidole kwenye mstari. Kitana kilikuwa mkononi.

"Imeandikwa wapi hiyo?"

"Haijaandikwa."

"Sasa wewe umejuaje?"

Kapole alitazama kompyuta. Mstari wa sauti ulikuwa umelala bapa, ukingoja. "Chuoni," alisema. "Tulifundishwa."

Dada alimtazama kwa muda mrefu kwenye kioo. Wateja wake walimwita Redio kwa sababu haizimwi, na sasa ilikuwa imezima. Alikitazama kitabu, akamtazama tena mdogo wake, na Kapole akasahau kutabasamu.

"Chuo kizuri hicho," Dada alisema mwishowe, taratibu. Akainama. "Narudia."

Kapole akabonyeza.

Dada alisoma aya yote upya. Alipofika kwenye tabasamu alisita, si sana, kama mtu anayeweka mzigo chini kwa uangalifu asivunje kitu. Kisha akasema chukua. Alilisema chini, kavu, bila sukari hata chembe. Alikuwa ni yeye. Mfinyanzi, mzima, mwenye koo na mashavu, ambaye Kapole alimtafuta kwa penseli miaka ile yote, alikuwa ametoka kinywani mwa Dada, na baada ya hapo hakuna ambaye angekuja kumwomba Dada akirudishe kitabu.

Dada aliinua nyusi kumuuliza: ni hivyo?

Kapole alitaka kusema hapana. Alitaka kusema rudia, na rudia tena, mpaka lichakae na kuharibika. Akameza mate. Alijua yamesikika, na hakujali.

"Ndiyo hivyohivyo, Dada," alisema. "Huko nyuma Mfinyanzi yupo sehemu nyingine saba au nane za kurudia. Anza na ile ya kisimani. Nitakuelekeza."